Wajumbe Wenye Tarumbeta

Dizzy Gillespie alizaliwa mwaka 1917 huko Cheraw, mji mdogo wa Carolina Kusini, mahali ambapo mtoto mweusi alijifunza mapema mlango upi ni wake na upi haumhusu. Shule zilitengwa, viti vya basi vilitengwa, hata bomba la maji ya kunywa lilikuwa na watu wake. Mwaka 1956 serikali ya nchi hiyohiyo ilimlipia Gillespie nauli ya ndege, yeye na bendi nzima, ikamtuma Iran, Pakistani, Siria, Uturuki na Ugiriki akapulize tarumbeta, ili walimwengu waamini kwamba Marekani ni makao ya uhuru.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hila ya Washington iliyofaulu. Mimi nakisoma vingine. Wakubwa walidhani wanasafirisha muziki kama wanavyosafirisha ngano ya msaada, kumbe waliopanda ndege walikuwa watu, wenye macho ya kuona walikopelekwa na kumbukumbu za walikotoka. Kuanzia 1956 hadi 1973 watu hao walizunguka Asia, Ulaya na Afrika kwa jina la taifa ambalo, kwa sehemu kubwa ya muda huo, lilikuwa bado linabishana kama mtu mweusi ni raia kamili. Walichofanya njiani ndicho kinachonishika.

Vita ya masikio, 1945–1955

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani na Umoja wa Kisovieti walibaki wakitazamana kwa jicho la shari. Bomu la atomiki liliwazuia kupigana ana kwa ana, basi ugomvi ukahamia kwenye redio, magazeti na majukwaa. Moscow ilikuwa na hazina kubwa ya wacheza baleti, wapiga fidla na wapiga piano wa daraja la juu, na haikuona haya kugharamia safari zao. Lakini hoja yake iliyouma zaidi haikuhitaji nauli ya mtu. Ilitosha kuchapisha habari zilizotoka Marekani kwenyewe. Agosti 1955 Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa Mississippi kwa madai kwamba alimchokoza mwanamke mzungu. Washtakiwa waliachiwa na baraza la wazungu watupu. Mama yake alikataa jeneza lifungwe, na picha ya uso wa mwanawe ikaonwa na mamilioni.

Miezi minne kabla ya hapo, nchi 29 za Asia na Afrika zilikuwa zimekutana Bandung, Indonesia, kuzungumza juu ya ukoloni na ubaguzi. Nchi hizo, pamoja na nyingine zilizokuwa njiani kujitawala, ndizo ambazo Washington na Moscow walizigombea. Zingemwaminije rafiki ambaye mahakama zake zinawaachia wauaji wa mtoto mwenye rangi kama ya watoto wao?

Rais Dwight Eisenhower alikuwa ameshaanza kutafuta jawabu. Mwaka 1954 alipata kutoka Bunge la Marekani mfuko wa dharura wa dola milioni 5 kwa ajili ya sanaa na maonyesho ya biashara ng'ambo, na miaka miwili baadaye mpango huo ukafanywa wa kudumu kwa sheria. Wateuzi wa wasanii walitoka zaidi katika ulimwengu wa muziki wa klasiki. Machoni pao jazz ilikuwa kitu cha vilabu vya usiku na moshi wa sigara. Zikatumwa okestra, vikundi vya dansi, na ile opera ya Porgy and Bess, ambayo mwishoni mwa 1955 ilifika mpaka Leningrad, na mwanzoni mwa 1956 Moscow.

Aliyeonyesha kwamba wamepitwa na jambo hakuwa hata mwajiriwa wa serikali. Willis Conover, mtangazaji wa mkataba, alianza Januari 1955 kurusha kipindi cha jazz usiku kupitia Sauti ya Amerika. Sauti yake ilikuwa nzito, naye alizungumza polepole, neno baada ya neno, ili hata aliyejifunzia Kiingereza kwenye kamusi aweze kumfuata. Siasa hakugusa. Alitaja wimbo, akataja wapigaji, kisha akaiacha sahani izunguke. Kule Umoja wa Kisovieti, ambako wakati wa Stalin jazz ilikuwa imehesabiwa kuwa uchafu wa mabepari, mafundi wa mitaani walikuwa wakinakili nyimbo zilizokatazwa juu ya filamu kuukuu za eksirei kutoka hospitali. Ukiiinua sahani ya namna hiyo kwenye mwanga, unaona mbavu za mgonjwa asiyejulikana, na juu yake mistari ya muziki. Kwa wasikilizaji waliokuwa tayari kuhangaika kiasi hicho, Conover alikuwa mwalimu wa darasa lisilo na kuta. Aliposhuka Warsaw mwaka 1959 aliwaona watu wengi wamejazana uwanja wa ndege, akadhani wamekuja kumpokea mheshimiwa fulani aliyesafiri naye. Walikuwa wamekuja kwa ajili yake. Nchini mwake hakuwa na jina, kwa kuwa sheria ya 1948 ilizuia Sauti ya Amerika kuwatangazia Wamarekani.

Novemba 1955 gazeti la New York Times liliweka habari hiyo ukurasa wa kwanza: Marekani ina silaha ya siri, nayo ni jazz. Mtu wa kulichukua neno hilo na kulifanyia kazi alikuwa Adam Clayton Powell, mchungaji na mbunge wa Harlem, mume wa mpiga piano Hazel Scott. Powell alikwenda Bandung mwenyewe, serikali yake ikiwa haimtaki aende, akasikia kwa masikio yake maswali waliyoulizwa Wamarekani. Aliporudi aliwaambia wakubwa waache kupeleka baleti peke yake. Wapeleke kile ambacho Urusi haina. Kisha akamsimamisha rafiki yake Gillespie mbele ya jengo la Bunge na kutangaza kwamba huyu ndiye atakayetangulia.

Uzio wa Ankara, 1956

Gillespie mwenyewe alikuwa Ulaya wakati maandalizi yanaanza, hivyo kazi ya kuiunda bendi ikamwangukia Quincy Jones, kijana wa miaka 22 aliyepiga tarumbeta na kuandika mipangilio ya muziki. Bendi ilikuwa na weusi na wazungu, na miongoni mwao mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni na mwandishi wa mipangilio kutoka Kansas City. Kumweka mwanamke kwenye safu ya tromboni kulikuwa jambo geni New York, sembuse Karachi. Liston alisimulia baadaye kwamba wanawake wa nchi walizopita walimfuata kumuuliza maisha yake yakoje, anasafirije, anajitegemeaje. Swali hilo halikuwamo katika mipango ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Kabla ya kuondoka, maofisa walitaka kumpa Gillespie maelekezo ya namna ya kujibu akiulizwa juu ya ubaguzi. Hakwenda. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba miaka mia tatu ilikuwa imemfundisha yote aliyohitaji kujua, na kwamba hakuwa na nia ya kuwatafutia visingizio waliowatenda mabaya watu wake. Ila akiulizwa, angejibu kweli, na angewaonyesha bendi yake, weusi kwa wazungu, na kiongozi wao mweusi.

Machi 1956 walianzia Abadan, mji wa mafuta nchini Iran. Onyesho lilipangwa kama somo la historia: lilianza na ngoma za Afrika, likapita nyimbo za dini za watumwa na bluzi, likafika kwenye bebop, mtindo ambao Gillespie mwenyewe aliusaidia kuzaliwa miaka ya 1940. Safari ikaendelea hadi Dhaka na Karachi, ambako alikaa chini na mchezesha nyoka, tarumbeta ikajibizana na zumari. Ikaendelea Beirut, Damascus na Aleppo.

Kisha Ankara. Bendi iliandaliwa tafrija kwenye bustani ya klabu, wageni waalikwa wamevaa vizuri, na nje ya uzio watoto wa mjini wamejipachika wakichungulia. Gillespie akauliza kwa nini hawaingii. Akaambiwa hawana mwaliko. Akasema yeye amekuja kwa ajili ya hao, na hapigi mpaka lango lifunguliwe. Maofisa wakasitasita, balozi akaingilia, lango likafunguliwa. Mtu wa Cheraw aliujua uzio akiuona, hata ukiwa umeandikwa kwa Kituruki.

Athens ilikuwa mtihani wa namna nyingine. Wanafunzi wa Kigiriki, wenye hasira na Marekani kwa sababu ya suala la Kupro, walikuwa wametoka tu kuipiga mawe ofisi ya habari ya Wamarekani. Baadhi ya haohao walijaa ukumbini. Onyesho lilipokwisha walimbeba Gillespie mabegani mitaani, wakiliita jina lake.

Huko nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Allen Ellender, seneta wa Louisiana na mtetezi mkubwa wa ubaguzi, alilalamika kwamba fedha za walipa kodi zinateketea kwenye makelele. Louisiana ndiko iliko New Orleans, ulikozaliwa muziki huo. Inaniuma kila nikiisoma habari hiyo: mtu anakiita kelele kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka katika jimbo lake.

Accra na Little Rock, 1956–1957

Mei 1956 mpiga tarumbeta Louis Armstrong alishuka Accra. Safari hii haikulipiwa na serikali. Aliletwa na kampuni ya televisheni ya CBS iliyokuwa ikimtengenezea filamu. Pwani ya Dhahabu ilikuwa imebakiza chini ya mwaka mmoja kuwa Ghana. Uwanjani walikusanyika watu waliokadiriwa kufika 100,000, na kwenye onyesho la ukumbini Kwame Nkrumah alikaa mstari wa mbele. Armstrong alimwona mwanamke akicheza, akashtuka kwa jinsi alivyofanana na marehemu mama yake. Tangu siku hiyo akasadiki kwamba wazee wake walitoka pale.

Washington iliona filamu hiyo na kupiga hesabu. Kama mtu huyu anaweza kukusanya halaiki namna hii Accra, itakuwaje akipelekwa Moscow? Mipango ikaanza. Wamarekani wachache walikuwa na uso uliojulikana duniani kama wake, au tabasamu lililotafsiriwa vibaya kama lake. Vijana weusi wa Marekani walianza kumsema kwamba anawachekea wazungu mno, na Gillespie naye aliwahi kumkosoa hadharani.

Septemba 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari mlangoni mwa shule ya sekondari ya Little Rock kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie. Armstrong alikuwa Grand Forks, Dakota Kaskazini, kwa onyesho la usiku mmoja. Mwandishi kijana wa gazeti la mji alipenya hadi chumbani kwake hotelini na kumuuliza maoni yake. Armstrong alimimina. Alisema serikali inawatendea watu wake wa Kusini vibaya kiasi kwamba inaweza kwenda zake jehanamu, kwamba rais hana ujasiri, na kwamba safari ya Urusi haendi. Wakiniuliza huko nyumbani kukoje, alihoji, niwajibu nini? Mhariri hakuamini mpaka Armstrong mwenyewe alipoyasoma maandishi na kutia sahihi.

Maonyesho yakafutwa, vituo vya redio vikatishia kuzitupa sahani zake. Siku chache baadaye Eisenhower alituma wanajeshi wa miamvuli Little Rock kuwasindikiza watoto hao darasani, naye Armstrong akampelekea simu ya maandishi ya kumpongeza. Siwezi kusema rais aliamua kwa sababu ya mpiga tarumbeta. Naweza kusema kwamba mtu ambaye wote walimhesabu kuwa ameridhika alihatarisha riziki yake kwa siku moja kuliko wengi waliomcheka walivyothubutu kwa miaka.

Moja-mbili, moja-mbili, 1958

Mwaka 1958 Dave Brubeck, mpiga piano mzungu kutoka California, alitumwa na kwateti yake Poland, Uturuki, India, Ceylon, Pakistani, Iran na Iraki. Besi ilipigwa na Eugene Wright, mtu mweusi. Nchini kwao Brubeck alikuwa akigombana na vyuo vya Kusini vilivyotaka kwateti yake bila Wright, na 1960 alipoteza karibu ziara nzima ya vyuo hivyo kwa kukataa kumwacha. Ng'ambo serikali iliwapiga picha wakiwa pamoja.

Istanbul ndiko jambo lililodumu lilipotokea. Asubuhi moja Brubeck aliwapita wapiga muziki wa mtaani wakipiga mdundo wa tisa uliogawanywa moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ugonge mezani uone unavyokuteleza mwishoni kama ngazi yenye kidato cha ziada. Alipoufikisha kwa wanamuziki wa okestra ya redio, wote wakaudaka papo hapo. Kwao ulikuwa wa kawaida kama bluzi ilivyo kwa Mmarekani mweusi. Mdundo huo akauandikia Blue Rondo à la Turk, wimbo wa kwanza kwenye albamu ya Time Out ya 1959, mojawapo ya sahani za jazz zilizouzwa sana kupita zote. Katika nadharia ya Washington, Marekani ilikuwa inatoa na Uturuki inapokea. Muziki wenyewe ulikwenda kinyume na nadharia.

Kongo, Nairobi na lugha yetu, 1960

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na hakuna mahali ambapo diplomasia ya jazz ilionekana uchi kama Kongo. Uhuru ulikuja Juni 30. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akaitenga Katanga yenye shaba na kobalti. Septemba, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alifukuzwa kazi na Rais Kasavubu, kisha mkuu wa jeshi, Mobutu, akashika madaraka. Kufikia Oktoba Lumumba alikuwa amezingirwa nyumbani kwake katika mji mkuu, Léopoldville, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda na wa Mobutu wakimsubiri nje.

Katika mji huohuo, Oktoba 28, Louis Armstrong alipokelewa kwa ngoma, akainuliwa kwenye kiti na kubebwa kwa shangwe mpaka uwanjani. Sehemu ya kwanza ya ziara hii ya Afrika, Ghana na Nigeria, ilibebwa na kampuni ya Pepsi-Cola iliyokuwa ikitafuta soko. Iliyofuata ilibebwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Baadaye Armstrong alipenda kusimulia kwamba pande zilizokuwa zikipigana zilisimamisha vita kwa siku moja ili zimsikilize. Mwezi uliofuata alipiga Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya mgodini, na ambao ulikuwa makao ya Tshombe. Washington haikuwa imeitambua serikali ya Katanga. Tamasha lilikuwa mlango mzuri wa mabwana wa ubalozi kufika huko bila kuulizwa wamefuata nini.

Uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa mwaka 1975 ulibainisha kwamba Septemba 1960 shirika la ujasusi, CIA, lilipeleka sumu Léopoldville kwa lengo la kumuua Lumumba. Haikutumika. Lumumba alitoroka Novemba 27, akakamatwa siku chache baadaye, akapelekwa Katanga, akauawa karibu na Élisabethville Januari 17, 1961. Sioni dalili yoyote kwamba Armstrong alijua lolote kati ya hayo. Lakini serikali iliyompa jukwaa ndiyo iliyoituma sumu, majuma machache kabla ya tarumbeta. Hili ndilo doa kubwa la mpango wote, na anayeisimulia historia hii bila kulitaja anaifuta nusu yake.

Novemba hiyohiyo Armstrong alipiga Nairobi pia. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari, ila Jomo Kenyatta alikuwa bado anazuiliwa Lodwar. Katika Kenya ambayo hoteli nzuri na shule nzuri zilikuwa bado za wazungu, mtu mweusi alishangiliwa mjini.

Wakati Armstrong anazunguka upande huu, New York kulikuwa na watu weusi wanaotazama Afrika kwa macho yao wenyewe, bila ofisi ya serikali kuwatuma. Novemba 1960 Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, mtu mrefu wa zaidi ya mita mbili, aliingia studio kurekodi albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Jina ni la Kiswahili kwa makusudi. Weston alitaka lugha ya Kiafrika inayovuka mipaka ya makabila na mataifa, isiyo ya mkoloni, na alipouliza wajuzi akaelekezwa Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno, na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, aliyekuwa New York wakati huo na ambaye baadaye alikuwa mbunge nchini Tanzania, akayatia katika Kiswahili na kuyatamka mwenyewe kwenye sahani. Mipangilio iliandikwa na Melba Liston, yuleyule wa safari ya Karachi. Ngoma zilipigwa na wengi, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Max Roach wakiwamo.

Nikiisikia sauti ya Sanga juu ya okestra ile huwa nasimama. Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na siku chache kujitawala, na lugha yake tayari inazungumza ndani ya muziki mkubwa wa weusi wa Marekani. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Naamini waliielewa vizuri.

Februari 15, 1961, baada ya habari za kifo cha Lumumba kutangazwa, waandamanaji wapatao 60 waliinuka ndani ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Adlai Stevenson wa Marekani akihutubia, wakapiga kelele mpaka walinzi wakawatoa. Miongoni mwao walikuwa mwimbaji Abbey Lincoln na Max Roach. Miezi mitatu haikuwa imetimia tangu Roach aliweke jina lake kwenye Uhuru Afrika.

Mabalozi wa kweli, 1961–1963

Dave Brubeck na mkewe Iola, mwandishi wa mashairi ya nyimbo, walikuwa wameona ya kutosha. Wakatunga mchezo wa muziki, The Real Ambassadors, unaohusu mwanamuziki anayetumwa Afrika na kuuliza nani hasa balozi: mwenye cheti cha wizara au mwenye tarumbeta? Nafasi kuu waliiandika kwa ajili ya Armstrong, naye akaichukua kwa furaha. Kulikuwa na wimbo mmoja juu ya Mungu na rangi ya mtu, ambao akina Brubeck waliuandika wakitarajia uchekeshe. Armstrong aliuimba akilengwalengwa na machozi, na hakuna aliyecheka. Mchezo wenyewe uliigizwa jukwaani mara moja tu enzi za uhai wa Armstrong, kwenye tamasha la Monterey, Septemba 1962.

Mwaka huo mpiga klarineti Benny Goodman alipeleka okestra yake Umoja wa Kisovieti, na kiongozi wa nchi hiyo, Khrushchev, alihudhuria usiku wa ufunguzi Moscow bila kuficha kwamba hakuupenda muziki. Waliokuwa wakimsikiliza Conover gizani waliupenda.

Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa okestra, alipangiwa safari yake mwaka uliofuata: Damascus, Amman, Kabul, miji ya India, Colombo, Dhaka, Lahore, Tehran, Isfahan, Baghdad. Walikuwa mwanzoni mwa safari pale bomu la wabaguzi lilipoua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, Alabama, Septemba 15, 1963. Waandishi walimuuliza Ellington juu ya ubaguzi kila alikotua. Alijibu kwa utulivu wake wa siku zote, hakukana tatizo, akarudisha mazungumzo kwenye mchango wa watu weusi katika taifa lile. Baghdad walipiga huku ndege za kivita zikishambulia ikulu katika mvutano wa madaraka. Novemba 22, wakiwa Ankara, ikaja habari kwamba Rais Kennedy ameuawa. Ellington alitaka waendelee, akiamini kwamba muziki ni maombolezo pia. Wizara ikaikata safari.

Kilichobaki ni The Far East Suite, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1966. Ellington na mwandani wake Billy Strayhorn hawakutaka kuiga nyimbo walizozisikia. Waliziacha zitulie ndani mwao kwanza. Ndani yake mna Isfahan, utungo wa Strayhorn ambao Johnny Hodges anaupiga kwa saksafoni taratibu mno, kama mtu anayeogopa kuamsha mji.

Njia zinarudi, 1966–1973

Aprili 1966 Ellington alikuwa Dakar kwenye tamasha la sanaa za watu weusi la Rais Léopold Senghor wa Senegali. Mwaka uliofuata Weston, mtunzi wa Uhuru Afrika, alitumwa na wizara ileile Afrika Magharibi na Kaskazini kwa miezi mitatu. Moroko ilimshika. Alihamia huko, akafungua klabu Tangier, akakaa na wapiga muziki wa Gnawa, kizazi cha watumwa waliovushwa jangwa la Sahara, akasikia katika besi zao za nyuzi tatu bluzi ya Mississippi kabla haijavuka bahari.

Huku kwetu neno jazz lilikuwa limeshachukua maisha yake. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz: takriban kila mji wenye bendi uliliweka kwenye jina, ingawa kilichopigwa kilitoka zaidi kwenye rumba ya Kuba iliyofika kwa sahani za mfululizo wa GV, na baadaye Kongo. Jazz ilimaanisha bendi ya dansi, ya mjini, yenye magitaa na saksafoni. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Nchi changa nayo ilikuwa imejua kumtuma mjumbe mwenye gitaa.

Mwaka 1971 Ellington alijaza kumbi katika miji mitano ya Kisovieti. Safari yake ya mwisho kwa wizara ilikuwa Novemba 1973, Addis Ababa na Lusaka. Alikuwa na miaka 74 na saratani ya mapafu. Alifariki New York Mei 24 iliyofuata. Kule Addis Ababa Mfalme Haile Selassie, ambaye naye alikuwa amebakiza miezi kwenye kiti, alikuwa amemvisha nishani.

Mwenyeji aliyepewa kazi ya kumtembeza alikuwa Mulatu Astatke, mpiga vibrafoni wa miaka 29. Hakuhitaji kuelezwa jazz ni nini. Alikuwa ameisomea Boston, akarudi nayo kwao na kuifunga kwenye skeli za noti tano wanazoimbia Waethiopia, na mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa sahani iitwayo Mulatu of Ethiopia. Mzee alikaa Addis Ababa akiwa mgeni wa kijana aliyeijua kazi yake yote, na aliyekuwa ameshaanza kuijibu.